Msinizike Mpaka Ninuke

Shangazi yangu alitangazwa kufa mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili aliyemtangaza ni daktari wa kiwanda aliyesimama mlangoni bila kuingia. Hawakuwa daktari mmoja. Yule wa kwanza ameshazikwa siku nyingi, na natumaini waliomzika walimgusa kwanza. Lakini namna ya kusimama ilikuwa ileile: bega moja ndani, moja nje, kalamu imeshatoka mfukoni kabla mguu haujafika kizingitini.

Nianze na ile mara ya kwanza, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini nililaza maiti chumbani kwangu wakati mtaa mzima unanisihi nimzike.

Kiwanda chetu ni cha ngozi. Ngozi zinakuja mbichi kwa malori, zinatumbukizwa kwenye mashimo ya chokaa mpaka manyoya yalegee, zinaparwa, zinatiwa dawa, zinakaushwa, na mwisho wa yote kuna mtu mahali fulani anavaa kiatu kizuri na hajui lolote. Chini ya mashimo unapita mfereji wa maji machafu. Mfereji ukiziba, mtu huteremka kuuzibua kwa mkono. Siku hiyo walimteremsha mama yangu. Mama alipokaa kimya kule chini, wifi yake, yaani huyu shangazi yangu, dada wa baba, akateremka kumfuata. Msimamizi alikuwa bado anatafuta kamba. Wifi mtu hakuwa na subira ya kamba.

Walitolewa wote wawili wamelegea kama ngozi zenyewe. Ile hewa ya kule chini sasa nalijua jina lake. Nimeisoma kwenye vitabu vya kuazima, vingine havina hata jalada. Siku zile tuliiita pumzi ya shimo, basi. Daktari akaja, akasimama mlangoni mwa ghala walimolazwa, akatazama, akaandika. Mama yangu alizikwa asubuhi iliyofuata, mapema, kwa jeneza la kiwanda na lori la kiwanda, ili zamu isichelewe. Shangazi akabakizwa chumba cha maiti kwa sababu moja tu: jeneza lake rangi ilikuwa haijakauka.

Rangi mbichi ndiyo iliyomwokoa. Adhuhuri, wakati fundi anapepea jeneza kwa kadibodi, maiti aliketi juu ya meza ya saruji akaomba maji. Mhudumu wa chumba kile alikimbia mpaka sokoni, na wapo wanaoapa kwamba hakurudi hata kufuata viatu vyake.

Mtaa ulicheka mwezi mzima. Wakampa jina, Marehemu, likamganda. "Marehemu kaja kununua sabuni." "Marehemu, umeamkaje?" Naye alikuwa akijibu, "Nimeamka, na hilo ndilo linalowauma." Lakini siku yenyewe aliyoamka hakuna aliyecheka, maana neno lake la pili baada ya maji lilikuwa, "Wifi yuko wapi?"

Wakamwambia, kazikwa asubuhi.

"Mfukueni," akasema.

Hawakumfukua. Alikwenda ofisi ya kiwanda, akaambiwa hayo ni mambo ya serikali. Akaenda kwa serikali, akaambiwa kaburi halifunguliwi bila sababu. Sababu yake ilikuwa fupi: mimi niliamka, mwenzangu je? Wakamwambia hiyo si sababu, hayo ni majonzi. Wakati wanamzungusha, siku zilipita, na kila siku iliyopita ilifanya kumfukua kuwe kwa bure zaidi, na wao walilijua hilo. Ndiyo kazi ya ofisi. Mimi nilikuwa mtoto wa kung'oka meno, baba alishatangulia. Marehemu akanichukua, akanilea, na jioni za Jumapili alinipeleka makaburini. Mimi nilicheza na vifuniko vya chupa. Yeye alilala kifudifudi juu ya mama yangu, sikio chini.

Watu wa namna yake huvuta hadithi. Wanawake wa chumba cha kupara walimletea kila waliyoisikia. Ya mtu aliyefukuliwa akakutwa amelala kifudifudi. Ya bibi harusi aliyeamshwa na mwizi aliyekuja kumkata kidole apate pete. Ya maiti ambao nywele zao zinaendelea kuota kaburini. Alizisikiliza zote huku kisu kinakwenda, kisha anazipima moja moja.

"Nywele haziendelei kuota," alisema. "Ngozi ndiyo inayorudi nyuma. Na sisi tusijue ngozi, nani ajue?"

Nilipokua, nikaanza kumsomea. Nilimsomea habari za zamani za nchi za mbali, ambako watu walizikwa na uzi umefungwa kidoleni, uzi ukapanda mpaka kwenye kengele juu ya kaburi. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Maiti akivimba, mkono unasogea. Kengele inalia. Unafukua mbio, unamkuta ameoza. Hao maskini walihangaishwa na kengele usiku kucha."

Lakini hadithi moja hakuicheka. Ile ya nyumba za kungojea. Kwamba wenye uoga wao huko walijenga nyumba, wakawalaza wafu humo katikati ya maua, na walinzi wakakaa nao mpaka waanze kuharibika, kwa kuwa walishaona kwamba dalili zote zinadanganya isipokuwa hiyo moja. Pumzi inajificha. Mapigo yanajificha. Ubaridi hata mlevi anao. Kuoza hakuigizwi.

"Rudia hapo," akaniambia. Nikarudia.

Toka siku hiyo aliweka sharti lake, na alilisema mbele ya kila mtu, kwenye chai, kwenye foleni ya mshahara, kwenye harusi za watu: "Msinizike mpaka ninuke. Na mtoto awepo."

Mtoto ni binti yangu. Naye nimweleze kidogo. Binti yangu alizaliwa na jina la mama yangu, kwa hiyo mimi mwenyewe humwita mama. Alipoanza kutambaa, Marehemu alinishikilia nimpeleke kwa wajomba zake, mbali, akalelewe huko. Niligoma. Tuligombana. Nilimwambia, umenilea mimi humu humu, mbona sikufa? Akanijibu, "Wewe nilikosa pa kukupeleka." Basi mtoto akaenda, akasoma, sasa ni muuguzi, anakuja likizo na kurudi. Hilo la "mtoto awepo" nililichukua kama bibi yeyote anavyotaka kumwona mjukuu wake. Ni vizuri kulijua hilo mapema, maana mimi nilichelewa.

Na jambo moja la kazi yetu. Mgeni akiingia kiwandani, juma la kwanza anatapika. Hali chakula, halali usingizi, nguo anazianika mbali na nyumba. Tunamcheka, tunamwambia vumilia. Halafu siku moja anakaa ukingoni mwa shimo la chokaa anakula chakula chake cha mchana bila kukunja uso, na hapo tunampigia makofi: pua imefuzu. Nimepigania mambo mengi mle ndani. Nimepigania glavu, nimepigania vifua vipimwe, nimepigania kamba iwepo kabla mtu hajateremka, na kwa hayo nilipewa jina la Katibu na baadaye nikapewa barua ya kufukuzwa. Pua sikuwahi kuipigania. Nilikuwa nikiipigia makofi.

Haya. Mara ya pili.

Alikuwa ameketi barazani, bakuli la maharage mapajani, anachagua mawe. Mdogo wake, ambaye ni baba yangu mdogo, mstaafu wa ghala la ngozi, alikuwa anamsimulia kisa akaona hachekwi. Akasogea. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mkono ulikuwa na vuguvugu. Nikaweka kioo puani, hakikupata ukungu. Nikaweka sikio kifuani. Nilisikia moyo, nao ulikuwa wangu.

Daktari wa kiwanda akaletwa, kwa kuwa wastaafu bado ni wagonjwa wake. Kijana, shati jeupe. Alifika mlangoni, akasimama bega moja ndani, moja nje.

"Poleni sana," akasema, na kalamu ikatoka.

"Ingia," nikamwambia.

"Naona kutoka hapa, mzee wangu. Ni mtu mzima, moyo umechoka."

"Mwenzako naye aliona kutoka pale. Ingia umguse."

Akaingia, nisimsingizie. Alimgusa shingo kwa vidole viwili kama mtu anayepima chuma kama bado kina moto, akatoka, akaandika. Akaniambia kiwanda kimetoa jeneza, na lori lipo leo tu.

"Kesho je?"

"Kesho linakwenda kuleta ngozi."

Sasa nisomeeni hapo polepole. Mtu anafanya kazi kwenu ujana wake wote, mnamuua mara moja kwa haraka, anafufuka kwa uwezo wake mwenyewe, anarudi kuwaparia ngozi, na mwisho wake anapangiwa ratiba na lori la ngozi. Nilimwambia daktari arudishe jeneza lake. Lori nalo litangulie kwa waheshimiwa wenzake, ng'ombe.

Watu walijaa. Kwanza kukawa na tatizo la habari yenyewe. Aliyepelekwa kuwaambia majirani alisema, "Marehemu amefariki," wakamfukuza wakidhani analeta mzaha. Walipoona turubai linafungwa uani ndipo wakaanza kulia. Akaja Mama Cherehani, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa akishona kingo za ngozi mpaka macho yalipogoma. Yeye ndiye aliyemwosha shangazi na kumvika gauni lake la kijani. Tukamlaza chumbani kwangu, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, shuka mpaka kidevuni.

"Tunamzika lini?" Baba Mdogo akauliza.

"Unalijua sharti lake."

"Nalijua. Lakini sharti la mtu aliye hai, mwanangu, na maiti aliye ndani, ni vitu viwili. Mimi ni mdogo wake. Siwezi kukaa nangojea dada yangu anuke kama nangojea wali uive."

"Basi kaa ungoje aamke."

Akanitazama. "Usicheze hivyo."

"Aliamka, Baba Mdogo. Wewe ndiye ulimpelekea nguo."

Akakaa. Alikuwa kweli ndiye aliyempelekea nguo.

Binti yangu nilimpigia simu. Akasema yuko njiani, kisha akasema daraja limechukuliwa na maji, basi linazunguka. Nikamwambia, njoo tu, mama, bibi yako hana haraka.

Usiku ule sikulala, na mchana uliofuata sikukaa. Nilikuwa nikiingia na kutoka chumbani kama mtu aliyesahau funguo. Naingia, nafunua shuka, natazama. Natoka, nakaa, nasikia kitu, naingia. Kila gari lililopita nililisikia kama pumzi. Nilifunga uzi mwekundu kidoleni mwake na upande mwingine nikaushika mimi, nikijua fika alivyozicheka zile kengele. Uzi ulisogea mara kadhaa. Kila mara ni mkono wangu uliosogea.

Wazee wa mtaa walinifuata uani, wakazungumza kwa upole unaoudhi. Mmoja akasema najiletea laana. Mwingine akasema labda nataka kumfanya shangazi yangu siasa, kama nilivyozoea kufanya kila kitu siasa.

"Mama yangu mlimzika asubuhi," nikawaambia. "Mlikuwapo. Nani kati yenu alimgusa?"

Mmoja alikohoa, wakaondoka.

Tulikuwa tukiulizana kila baada ya muda, kama watu wanaotazamia mvua. "Vipi, amenuka?" Mama Cherehani anaingia, anainama, anavuta pumzi, anatoka. "Hapana. Hewa safi." Baba Mdogo anaingia. "Hapana." Mimi naingia, navuta mpaka kichwa kinazunguka. Hapana. Nzi walikuwapo, lakini nzi kwetu ni wenyeji, wanalipa kodi mwaka mzima. Wala hakuna aliyeshangaa kwa kuwa majira yalikuwa ya baridi, na yeye alikuwa mkavu, mwembamba, mtu wa mifupa. Tulijipa kila sababu.

Siku iliyofuata, jua limeshapanda, niliinua mkono wake kubadilisha ule uzi, nikapigwa na butwaa. Mkono uliokuwa mgumu kama mpini tangu juzi ulikuwa umelegea. Niliuinua, ukakubali. Niliuachia, ukaanguka taratibu juu ya shuka.

Nikatoka nje. Sijui nilisemaje, nadhani nilisema tu, "Amelegea."

Walinyanyuka wote pamoja. Chumba kikajaa, wengine wakasimama juu ya viti. Mama Cherehani aliushika ule mkono akaupindisha kwenye kiwiko, akaurudisha, machozi yanamtiririka.

"Marehemu," akamwita. "Shoga yangu. Acha utani."

"Mleteeni maji," mtu akasema nyuma. "Safari ile aliomba maji."

Maji yakaja. Baba Mdogo, aliyekuwa akinisihi tumzike, ndiye aliyechovya kidole na kumlowesha midomo. Nje habari ilishatoka. Watu wa zamu ya asubuhi waliacha mashine, wakaja na aproni zao za mpira. Mtaa mzima ulisimama uani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu mama yangu anizae nilihisi tumewashinda. Safari hii tumengoja. Safari hii hawakumpata. Nilikwisha panga hata maneno ya kwenda kumwambia yule daktari.

Hapo ndipo binti yangu alipofika.

Nilimwona akiingia kwa lango la uani, begi begani, viatu vimejaa tope, watu wakimpisha. Nilitaka nimwambie, mama, njoo, bibi yako anarudi. Alikuja mpaka barazani akinyoosha mikono kunikumbatia, kisha akasimama. Alisimama kama mtu aliyegonga ukuta. Mkono ukapanda usoni, ukafunika pua na mdomo, macho yakajaa maji palepale.

"Baba," akasema ndani ya kiganja. "Mnafanya nini humu?"

"Tunamngoja. Amelegea mkono."

"Amelegea lini?"

"Leo. Njoo umshike."

Hakuja. Aligeuka, akaegemea nguzo ya baraza, akatapika. Alifuta mdomo, akatutazama mmoja mmoja, sisi tuliosongamana mlangoni na madirishani tukiwa na glasi ya maji, na niliona anaelewa jambo ambalo sisi tulikuwa hatujalielewa.

"Maiti hukakamaa, halafu hulegea," akasema, na sasa ni muuguzi aliyekuwa akisema. "Ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Lakini si hilo. Baba, nimesikia harufu yake tangu pale dukani. Amenuka. Amenuka sana. Mmekaaje humu?"

Mtu mmoja alivuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, na wote tukamsikia. Kisha mwingine. Kisha chumba kizima kikawa kinavuta pumzi, pua zinapiga filimbi, wazee kwa vijana wenye aproni, kama mbwa waliopotewa na njia. Nami nilivuta. Ilikuja hewa. Hewa tu, ya baridi kidogo.

Mama Cherehani alikwenda jikoni akarudi na chupa ya mafuta ya taa. Aliifungua, akaipeleka puani, akakaa nayo. Akampa Baba Mdogo. Baba Mdogo akanusa.

"Hii wamechanganya maji," akasema.

Yeye ndiye mcheshi wetu, na alingoja tucheke. Chupa ikapita. Kila aliyeipokea alinusa, akaitazama, akampa mwenzake. Ilizunguka chumba kizima ikatoka dirishani, ikapokelewa na waliokuwa nje. Ilipomfikia binti yangu aliisukuma mbali kwa sababu ilimuumiza kichwa.

Hapo nililijua lile neno. "Na mtoto awepo." Bibi mzee alikuwa ameshajijua. Lini alijua, sijui. Labda alipounguza sufuria akaambiwa na mpita njia. Alichagua dalili isiyodanganya, akajua kwamba watu wake wote, mmoja mmoja, wamenyang'anywa kitu cha kuitambulia. Asingeweza kutuambia. Tungemcheka, tungesema pua zetu zimefuzu. Basi akachukua mtoto mmoja, mmoja tu, akampeleka mbali na mashimo, akamtunza kama mtu anavyotunza mbegu mwaka wa njaa. Na mimi nilimlaumu kwa hilo miaka yote.

Wale vijana wa zamu ndio walioanza. Mmoja akasema, "Tumbebe twende naye getini." Mwenzake akasema, si getini, dirishani kwa daktari, tumweke hapo chini ya dirisha, tusimame tumzunguke, tuwatazame wanavyofunga madirisha na sisi tukiwa tumetulia tuli. Waone. Wapige picha wakitaka. Hakuna hotuba itakayohitajika.

Nitasema kweli: damu yangu yote ilisema ndiyo. Nimeandika malalamiko mpaka karatasi zikanichukia. Nimeitwa mchochezi na watu wanaovaa viatu vyangu. Na sasa ushahidi ulikuwa umelala kitandani kwangu, mkubwa kuliko ofisi yao. Tayari walishaanza kutafuta mbao za kumbebea. Nikashika ubao wa kwanza.

"Baba," binti yangu akasema. Alikuwa amejifunga kitambaa usoni na ameingia chumbani, peke yake, amekaa pembeni mwa kitanda, anamfunga bibi yake shuka. "Alisema mumngoje mpaka nini?"

"Mpaka anuke."

"Na nani awepo?"

"Wewe."

"Nipo. Sasa mnangoja nini?"

Nikasimama na ubao wangu. Nje vijana walikuwa wanaita, Katibu, tunaondoka? Nilimtazama shangazi yangu. Kwa mara ya kwanza nilimtazama bila kumpeleleza. Uso ulikuwa si wake tena. Ulikuwa umeanza kuwa wa mtu mwingine tangu jana, na nilikuwa nimeuona, na nilikuwa nimekataa. Alitaka asiharakishwe. Hakuwahi kuomba acheleweshwe.

"Mbao ni za jeneza," nikawaambia vijana. "Nani ana misumari?"

Walinuna, lakini walipiga misumari. Hatukupaka rangi.

Tulimbeba kwa mabega, kwa kuwa lori lilikwenda kuleta ngozi. Njia ya makaburini inapita mbele ya kiwanda, hilo si kosa langu. Hatukusimama. Hatukuimba. Sikumwangalia mtu, ila Baba Mdogo aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyesema, taratibu, kama anayehesabu malori, "Amefunga. Na huyu amefunga. Na dirisha lile la juu limefungwa." Wale wote walionibebea jeneza walisikia. Vijana wa zamu hawakurudi mashineni siku hiyo, wala iliyofuata, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Kaburi lake lilichimbwa ubavuni mwa mama yangu, alivyotaka. Tulimteremsha. Mchimba kaburi, mtu mzima mwenye koleo fupi, alizaliwa mtaani kwetu na ujana wake aliumalizia kwenye mashimo kabla ya kuja kuchimba haya mengine. Alijaza koleo udongo akaliweka sawa, kisha akasita.

"Nifukie?" akauliza.

Hakuniuliza mimi. Wala Baba Mdogo, aliyekuwa mdogo wa maiti. Alimtazama binti yangu. Na watu wote waliokuwa pale, wazee, wajane, vijana wa aproni, Mama Cherehani na macho yake mabovu, waligeuka wakamtazama binti yangu. Aliona haya. Aliinamisha kichwa juu ya shimo, akakaa hivyo kidogo, akainuka akaitikia.

Udongo ukaanza.

Mimi sikuweza kutulia. Nilizunguka kaburi, nikaja upande wa mama yangu, pale ambapo nyasi zimelala kwa jioni zote zile za sikio la Marehemu. Siku mama alipotolewa shimoni palikuwa na pua moja nzima katika kiwanda kizima, ya daktari, naye aliiacha mlangoni. Nikamvuta binti yangu.

"Na huku?" nikamuuliza.

Alinielewa. Angeweza kuniambia kwamba imepita miaka mingi mno, nami nalijua hilo, nimelisoma. Hakuniambia. Alipiga magoti, akainama mpaka nywele zikagusa nyasi, akavuta pumzi.

"Udongo, baba. Na majani."

"Basi?"

"Basi."

Nikapiga magoti pembeni yake, nikachukua udongo kiganjani, nikauleta puani. Hakuna kitu. Ulikuwa baridi na ulikuwa mzito, hayo ndiyo niliyoyapata.

"Unanukaje?" nikamuuliza. "Nieleze."

Akafikiri. Kisha akaanza kunieleza, polepole, akitafuta maneno, akisema si hivyo, ngoja, ni zaidi kama hivi. Na mchimba kaburi akaegemea koleo lake, akasikiliza.